SOMO: Kufundisha Kiingereza Thailand ukiwa na pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mwalimu, nifanyie mpango na mimi nije huko." Mpango sina. Nilicho nacho ni maelezo, na leo nayaandika yote mahali pamoja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Nafundisha sekondari ya serikali kaskazini mashariki mwa Thailand, ukanda wa Isan. Naandika kuhusu nchi hii kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu mlango wake haujafungwa kwetu. Korea Kusini usipoteze nauli ya daladala kwenda kuulizia: viza yao ya walimu wa Kiingereza, E-2, ni ya raia wa nchi saba tu, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China nako kwa kawaida wanataka mwenye pasi ya nchi za namna hiyo, na Mwafrika Mashariki anayefundisha kule kwa viza ya mwanafunzi au ya biashara analala akisikilizia mlango.

HATUA YA 1: Shahada. Shahada ya kwanza, fani yoyote. Waliosomea ualimu wana nafuu kubwa zaidi. Diploma haitoshi.

HATUA YA 2: Mtihani wa Kiingereza. Hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu chekechea, kwao wewe si mzawa wa lugha. Shule nyingi huomba TOEIC alama 600 na kuendelea kati ya 990. Nyingine hukubali IELTS, ambayo inafanyika Dar na Nairobi. Uliza shule kwanza kabla ya kulipia mtihani. Matokeo yanadumu miaka 2, kwa hiyo usiufanye mapema mno.

HATUA YA 3: Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha, cha saa 120. Chagua kozi yenye mazoezi ya kusimama mbele ya darasa. Mwenye uwezo wa kulipia CELTA, kozi ya Cambridge ya ualimu wa Kiingereza, aifanye, inaheshimika popote duniani.

HATUA YA 4: Nyaraka. Hapa tulia, usome mara mbili.

Unahitaji cheti cha shahada, matokeo ya chuo ya miaka yote, hati ya polisi ya tabia njema (Kenya inaombwa DCI, idara ya upelelezi, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen), na barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulihitimu kweli. Cheti kinapita kwanza Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Ukianzia ubalozini utarudishwa.

Kinachowaangusha watu wetu ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina mawili na herufi ya kati, pasi ina matatu. Mwingine shuleni aliandikwa Mohamed, kwenye pasi ni Muhammad. Dada ameolewa, kabadilisha jina kwenye pasi, vyeti vimebaki na jina la baba. Kwetu karani atakuelewa, maana na yeye majina yake yako hivyohivyo. Ofisa wa Thailand haelewi kabisa: kwake jina lisilofanana herufi kwa herufi ni mtu mwingine. Mimi nilipuuza jina la tatu, nikatakiwa kusahihisha nikiwa tayari huku, na kula kiapo cha majina ya nyumbani ukiwa ng'ambo ni safari ndefu na ghali. Kwa hiyo:

– Panga vyeti vyote mezani, andika jina kama lilivyo katika kila kimoja, linganisha na pasi.
– Kama kuna tofauti, nenda kwa wakili ukale kiapo cha majina, au usajili hati ya kubadili jina, KABLA ya kupeleka chochote wizarani. Kiapo nacho kigongwe mihuri pamoja na vyeti.
– Usimwachie wakala cheti halisi wala pasi, hata kwa usiku mmoja. Mpe nakala.

HATUA YA 5: Kutafuta shule. Muhula wa kwanza unaanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba. Ajira hushamiri Machi hadi Mei, kisha Septemba na Oktoba. Ingia Ajarn.com, tovuti ya matangazo ya kazi za ualimu Thailand. Tangazo lenye herufi NES linataka mzawa wa Kiingereza, lipite uende mbele. Elekeza nguvu mikoani badala ya Bangkok. Pamoja na wasifu, tuma video fupi ya wewe ukifundisha, na ufundishe kweli: swali, picha, watoto wanajibu. Wenzetu wengi wanatuma video ya kujisifu, wakati mkuu wa shule anataka kuona kama utawamudu watoto 45 saa nane mchana.

Mshahara kwa walio kama sisi mara nyingi ni baht (fedha ya Thailand) 25,000 hadi 35,000 kwa mwezi. Chumba mkoani ni baht 3,000 hadi 6,000. Ukiajiriwa kupitia wakala, soma kama mkataba ni wa miezi 12 au 10. Ukiwa wa 10, miezi ya likizo hulipwi.

HATUA YA 6: Viza. Omba Non-Immigrant B, viza ya wanaokuja kufanya kazi, mtandaoni ukiwa nyumbani, kwa barua za shule. Chukua na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nchi zetu zote zimo kwenye orodha yao na uwanjani wanaikagua.

HATUA YA 7: Ukifika. Shule inakuombea kibali cha muda cha Khurusapha, baraza lao la walimu, kisha kibali cha kazi, kisha uhamiaji wanakuongezea muda wa kukaa. Kila siku 90 unaripoti anwani yako.

ONYO. Kama "shule" imekupata yenyewe kwenye WhatsApp, haitaki kuona shahada, inalipa tiketi haraka na kuahidi mshahara mnono, usipande ndege. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia wameitwa Thailand kwa kazi za namna hii, wakavushwa mto Moei kutoka Mae Sot hadi Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, wakapigwa na kudaiwa fidia. Mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa huko. Shule ya kweli ina jina kwenye ramani na simu ya ofisini, na mkoa wake unajulikana. Piga simu hiyo. Mkoa ukitajwa kuwa Tak, ndiko iliko Mae Sot, na unatakiwa kusafiri usiku kwa gari la mtu usiyemjua, rudi nyumbani.

MASWALI

Kijana_wa_Mbagala: Mkuu nina form four ila kingereza kimenyooka. Nipe namba ya wakala.

Jibu: Hatua ya 1. Namba ya wakala sitoi.

Otieno254: Si naweza kuja na viza ya utalii, nianze kufundisha, shule inibadilishie hukohuko?

Jibu: Ni mambo mawili tofauti. Kubadilisha viza ukiwa ndani kunawezekana kama nyaraka zote zimekamilika na siku zako hazijakaribia kuisha. Kufundisha kabla ya kibali cha kazi ni kosa: faini ya baht 5,000 hadi 50,000, kurudishwa kwenu, na kunyimwa kibali kwa miaka 2.

Otieno254: Jamaa yangu yuko hivyo mwaka wa pili na hajashikwa.

Jibu: Nimeandika sheria na adhabu yake. Ukitaka kumfuata jamaa yako, uamuzi ni wako, usije kuniuliza nauli ya kurudi.

Bint_Unguja: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, navaa hijabu. Nitapokelewa? Na chakula je?

Jibu: Marahaba mwanangu. Swali zuri. Waislamu wapo Thailand, hasa kusini. Pattani, Yala na Narathiwat wao ndio wengi, ila mikoa hiyo ina machafuko tangu 2004, kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kuichagua. Kwingine taja hijabu mapema katika usaili. Shule itakayosita ni bora ikusitie ukiwa nyumbani kwako Unguja. Bidhaa nyingi za dukani zina alama ya halali, lakini katika vibanda vya barabarani nguruwe anaingia hata kwenye mchuzi wa mboga, uliza kila mara. Tui la nazi lipo tele, samaki tele, hutajiona mgeni sana jikoni. Na wewe umesomea ualimu: leta leseni yako ya ualimu kama unayo, inasaidia sana Khurusapha.

Msomi_Kampala: Je, wanatubagua kwa rangi? Sema ukweli tafadhali.

Jibu: Wapo. Matangazo mengi yanadai picha, na kuna maombi yatakayokufa hapo. Kuna wazazi wanaoamini mwalimu wa Kiingereza lazima awe Mzungu. Inauma, na sitakwambia utaizoea. Kinachosaidia ni kwenda ana kwa ana msimu wa ajira kama tayari uko nchini kihalali, na kuomba shule ambazo zimewahi kuajiri Mkameruni, Mghana au Mfilipino, maana huko wazazi wameshaona matokeo. Watoto wenyewe watakuuliza kuhusu nywele kwa wiki mbili, halafu watataka mchezo wa maneno kama kawaida.

MamaTaraja: Naongeza moja, niko Chonburi. Usitoke nchini Desemba bila kibali cha kurudi kutoka uhamiaji, baht 1,000 kwa safari moja. Ukitoka bila hicho, muda wako wa kukaa unafutwa na unaanza viza upya.

Jibu: Asante dada, hili ni kubwa. Nami naongeza: nyamaza kabisa kuhusu familia ya kifalme, hata mtandaoni. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai, cha kumtusi mfalme, ni jela miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Na saa mbili asubuhi bendera ikipandishwa, simama kama walimu wenzako.

Kijana_wa_Mbagala: Huko ugali upo?

Jibu: Unga mweupe wa mahindi ni wa kutafuta sana. Isan wanalima mihogo mingi, na wali wao wa kunata unaliwa kwa mkono, unauminya tonge kama ugali.

Msomi_Kampala: Mwalimu, na anayetaka kufundisha Kiswahili chetu nje badala ya Kiingereza?

Jibu: Hapo hakuna atakayekuambia wewe si mzawa. Anza na Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani wa walimu wa lugha za kigeni: unakwenda chuo cha Marekani mwaka mmoja wa masomo, unafundisha Kiswahili na kusoma kozi kadhaa, na maombi yanapitia ubalozi wa Marekani nchini kwako. Hankuk University of Foreign Studies ya Seoul wanafundisha Kiswahili, Osaka University pia, na Beijing Foreign Studies University. Nafasi za walimu ni chache na nyingi zinataka shahada ya uzamili katika Kiswahili au isimu, kwa hiyo anza na chapisho moja na mhadhiri atakayekuandikia barua. Nitumie wasifu wako, nitausoma.