Somo: Programu ya zamani inagoma kwenye Windows mpya? Iulize kwanza ni ya biti ngapi

Wakuu, salama? Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye duka la vipuri aliniletea kompyuta mpya ya Windows 11. Ile ya zamani, ya Windows XP, imeungua pawasaplai. Programu yake ya stoo, aliyoandikiwa mwaka 2004, kijana wake aliihamisha kwa flashi, ila ukiibofya haifunguki. Aliyemuuzia kompyuta akamwambia hiyo imeshakufa, anunue nyingine. Haikuwa imekufa, ilikosa faili moja tu.

Kabla ya yote nakili folda nzima mahali pengine. Majaribio yote fanyia kwenye nakala.

Hatua ya 1: Ijue programu yako

Wengi wanakimbilia kutiki Compatibility (ile kurasa ndogo ndani ya Properties za programu). Acha kwanza. Chukua nakala ya faili la .exe, lifungue kwa Notepad. Utaona takataka tupu, usiogope. Herufi mbili za mwanzo ni MZ, yaani Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni umbo la faili hilo enzi za DOS, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows. Shuka mistari michache tu:

- PE, nafasi kidogo, halafu L: biti 32. Hii ina matumaini makubwa.
- PE halafu d: biti 64.
- NE: biti 16, enzi za Windows 3.1.
- Huoni PE wala NE: mara nyingi ni ya DOS.

Funga bila kuhifadhi.

Kama ni ya biti 16 au ya DOS, Windows ya biti 64 haiiendeshi kabisa, hata utiki nini, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ya DOS ipeleke DOSBox-X, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, ambayo hata kuchapisha inajua. Ya Windows 3.1 iwekee kompyuta ndani ya kompyuta kwa VirtualBox, humo usakinishe Windows ya zamani ya biti 32 na uikatie intaneti. Angalizo: kuna CD za zamani ambazo kisakinishi ndicho cha biti 16 lakini programu yenyewe ni ya biti 32. Hapo aliyekufa ni mlinzi wa mlangoni, mwenye nyumba mzima. Ukipata folda iliyokwisha kusakinishwa kwenye mashine nyingine, jaribu nayo.

Hatua ya 2: Soma kosa neno kwa neno

Ukiambiwa MSVCR100.dll haipo (DLL ni faili la msaada ambalo programu huliazima), programu inataka kifurushi cha Visual C++ 2010. MSVCR120 ni ya 2013, VCRUNTIME140 ni ya 2015 na kuendelea. Chukua kwa Microsoft wenyewe, na kwa programu ya biti 32 chukua ile ya x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64. Zile tovuti za kugawa DLL moja moja zikimbie. Kosa 0xc000007b mara nyingi ni DLL ya biti 64 kuingia kwenye programu ya biti 32, au kinyume chake. Ikitajwa .NET 2.0 au 3.5, nayo ni maktaba ya Microsoft ambayo programu hutegemea, iwashe kwenye Windows Features.

Ikifunga kimya bila neno, fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, utafute tukio namba 1000. Pale kwenye "Faulting module name" ndipo mchawi anapotajwa.

Ya mzee ilisema MSCOMCTL.OCX haijasajiliwa. Hiyo ni alama ya Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Injini yake, msvbvm60.dll, bado inakuja na Windows 11, ila faili hili la vitufe na orodha haliji. Nikachomoa diski ya ile kompyuta iliyoungua, nikalikuta ndani ya System32. Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea: kwenye Windows ya biti 64, System32 ni nyumba ya faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Majina yamepishana, ndiyo hivyo. Kwa hiyo faili linaingia SysWOW64, kisha fungua Command Prompt kama administrator, uandike:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

Ikajibu imefanikiwa. Mzee akaona orodha yake ya beringi.

Hatua ya 3: Ruhusa

Programu za zamani zinaandika data palepale zilipo, na Program Files Windows hairuhusu hivyo bila ruhusa. Zitoe Program Files, ziweke mfano C:\Stoo. Ikigoma bado, sasa tiki Compatibility. Kazi yake kubwa ni kuidanganya programu kwamba iko Windows ya zamani.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi nimenakili folda kutoka Program Files ya Windows 7, programu inafunguka lakini mauzo ya miaka miwili hayapo!*

Dada, usiifute ile mashine. Tangu Vista, programu isiyo na ruhusa ikiandika Program Files, Windows huihamishia data hiyo kimyakimya C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore. Na kila mtumiaji ana yake, hivyo angalia akaunti zote zilizotumika.

*Nina programu ya shule iliyoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya enzi za DOS, inatoa Runtime error 200 hata ndani ya DOSBox.*

Mkuu, hiyo inaonewa na kasi. Yuniti ya CRT, kipande cha Turbo Pascal cha kushughulikia skrini na kibodi, hupima mwendo wa prosesa inapoanza, prosesa ikiwa na kasi mno hesabu inafurika na kutoka kama kugawa kwa sifuri. Weka cycles=5000 kwenye faili la mipangilio la DOSBox kabla ya kuiwasha.

*Yangu ni ya biti 32, imefunguka vizuri, ila inachapisha LPT1 tu (tundu la zamani la printa) na printa ni ya USB.*

Shiriki printa kwa jina fupi, mfano risiti, kisha kwenye Command Prompt: net use LPT1: \\localhost\risiti /persistent:yes

*Imepokea, lakini printa inawaka taa tu, karatasi haitoki.*

Ni printa gani, kaka? Ya risiti au dot matrix inaelewa maandishi ghafi. Hizi inkjet za bei nafuu nyingi haziyaelewi.

*Ni inkjet.*

Basi rudisha ile dot matrix uliyoiweka stoo.