Mkia wa helikopta ya rimoti ukitetemeka

Kabla hujakimbilia kununua jairo mpya (kifaa kinachotuliza mkia usiyumbe), angalia mkia unatetemeka vipi. Ukiyumba kushoto-kulia haraka haraka, kiasi cha kuonekana kwa macho, mara nyingi usikivu wa jairo umewekwa juu mno. Upunguze kidogo kidogo hadi utulie. Lakini pezi la nyuma likitetemeka haraka mno hadi lionekane kama lina ukungu, hilo ni suala la vyuma, na hakuna mpangilio wa jairo utakaoliponya.

Hapo fungua mapanga makubwa ya juu uyaweke kando, helikopta ishikiliwe imara, washa mota. Ukungu ukiisha, kosa liko juu, si mkiani. Ukiendelea, zima, toa na mapanga ya mkia, jaribu tena. Ukiisha sasa, mapanga hayo hayalingani uzito: bandika kipande cha selotepu kwenye lile jepesi. Bado upo? Chomoa shafti ya mkia, iviringishe juu ya kioo. Mwanga ukichungulia chini yake huku ukipotea na kurudi, imepinda. Usihangaike kuinyoosha, weka nyingine. Beringi zizungushe kwa kidole, inayokwaruza itupe.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaligusi: skrubu za mapanga ya mkia kukazwa kupita kiasi. Panga lisilegee, ila ukilisukuma kwa kidole lisogee, maana likishaanza kuzunguka linajinyoosha lenyewe. Rafadha ya mkia, yaani mapanga yake yakiwa pamoja, huzunguka mara nne hivi au zaidi ya ile kuu, kwa hiyo hata tofauti ya selotepu moja inaonekana.