Kishikio cha kamera cha kujitengenezea kwa ubao wa kupiga kafi

Kama ubao wako wa kupiga kafi kwa kusimama ni ule wa kujaza upepo, usihangaike na vishikio vya gundi. Chukua ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ukate kipande cha kama sentimita 20 kwa 15, kisha upige kona msasa. Katikati toboa tundu la bolti ya robo inchi, yenye nyuzi za kawaida za stendi ya kamera. Adapta ya GoPro, ile kamera ndogo ya michezo, inakaa hapo. Upande wa chini panua tundu ili kichwa cha bolti kizame kabisa, kisikwaruze ubao. Gundisha soli ya kandambili kuukuu chini yake. Inazuia kuteleza na kupunguza mtikisiko.

Toboa kona zote nne, ufunge kwa kamba ya nailoni kwenye pete za mbele, zile za mpira wa kubania mizigo. Kaza kamba hizo ubao wa kafi ukiwa umeshajaa upepo.

Kamera nayo lazima iwe na kamba yake, kwenye pete nyingine, pamoja na chelezo cha nyavu. Kamera hizi huzama kama jiwe, na kwenye tope la mikoko pale Mida Creek, Watamu, pwani ya Kenya, huioni tena.

Igeuze ikutazame wewe. Picha ya maji matupu inachosha haraka. Mtu, kafi na mikoko nyuma yake ndiyo picha. Ukitoka, suuza bolti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, isishike kutu.