Pamba Isiguse Ngozi: Kwa Ndugu wa Lamu na Malindi Wanaoalikwa Kuwinda Kwenye Baridi

Sisi tuliozaliwa Kenya, ambako uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, hatukurithi kwa mzee yeyote elimu ya kuvaa nguo za kuwindia, achilia mbali za kwenye theluji. Ndiyo maana nilipoalikwa na mwenyeji wangu kulala porini na kuwinda kulungu huko Minnesota, Marekani, mwezi wa Novemba, nilikwenda na fulana tatu za pamba chini ya koti lililonigharimu mshahara wa wiki mbili.

Koti halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa zile fulana. Tulitembea muda mrefu tukiwa tumebeba hema na vyombo, nikatokwa na jasho kama mchukuzi wa gatini, kisha tukakaa kimya chini ya mti, kwa sababu kulungu hangojwi kwa kurukaruka. Pamba hunywa jasho na haikauki upesi, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo koti langu la fahari likawa linafunika kitambaa kilicholowa. Baada ya saa moja vidole vilishindwa kufungua kifungo na ulimi ukawa mzito. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, huo ni ugonjwa wa kuua, na mgonjwa mwenyewe ndiye huchelewa kuutambua. Mimi nilitambuliwa na mwenyeji, akanirudisha garini.

Ajabu ni kwamba jambo hili tunalijua. Nani kwetu asiyejua kwamba shati lililolowa ndani ya mashua, upepo wa kusi ukivuma usiku, humtesa mtu kuliko kifua wazi?

Narudia: pamba isiguse ngozi, iwe fulana, chupi, soksi au kikoi ulichojifunga kiunoni kwa mazoea. Shangazi yangu wa Malindi, Mungu amzidishie, aliposikia yaliyonipata alininunulia sweta la mtumba, nalo ni la pamba tupu, akasema ni zito kwa hiyo lina joto. Shangazi, uzito si joto. Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nguo, na nguo ikilowa hewa hiyo hupotea. Mnaonunua mitumba, someni kwanza kitambulisho cha ndani ya kola.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi: ndani fulana ya sufu laini au poliesta, katikati sweta la sufu, juu koti la kuzuia upepo na maji. Koti la manyoya ya bata ni zuri kwenye baridi kavu, lakini yakilowa hushikamana, hivyo palipo na theluji ya majimaji chagua lililojazwa nyuzi za viwandani. Buti liwe na nafasi, maana soksi mbili zinazobana huzuia damu. Juu ya yote, katika msimu wa bunduki, Minnesota inakulazimisha kuvaa rangi ya chungwa au waridi inayong'aa.

Kosa la pili ni kuvaa kila kitu kabla ya kutembea. Anza safari ukihisi baridi kidogo, koti likiwa mkobani, na ukifika badilisha fulana kabla ya kuketi, hata kama unaona haya. Wenyeji hawatakwambia. Ni watu wakarimu wa nyama na wa gari, lakini kumuuliza mtu mzima amevaa nini ndani wanaona ni kumdharau, wakati kwetu mzee yeyote angekuvuta ukosi na kukurudisha nyumbani ukabadilishe. Basi waulize wewe.

Alfajiri ukitawadha nje ya hema, pandisha mikono ya nguo juu kabisa ya viwiko, na ujifute mikono na miguu kwa taulo mpaka ikauke. Soksi ulizotembea nazo jana usizirudie. Jozi kavu lala nayo ndani ya begi la kulalia, uikute ina joto.