Jinsi ya kujua kama krimu au sabuni yako ina zebaki

Kabla hujajipaka hiyo krimu ya kung'arisha ngozi leo usiku hebu geuza boksi usome nyuma. Mimi nilianza haya mambo ya kusoma maboksi sababu ya mama yangu mdogo, kila akitaka kujipaka anavua pete anaiweka kwenye stuli, nikamuuliza we mama mbona unavua kila siku, akanijibu "si wameandika hapo". Kuangalia kweli, imeandikwa kwa kizungu isiguse madini ya fedha, dhahabu, mpira wala aluminiamu. Sasa krimu gani ya uso inaogopa pete jamani? Zebaki hiyo, ile metali ya majimaji yenye sumu, kizungu mercury. Waulize wachimbaji wadogo kule Geita, wao ndo wanaitumia kukamatia vumbi la dhahabu kwa vile zebaki na dhahabu zinashikana.

Ukishaona onyo kama hilo usihangaike kutafuta kingine, acha kupaka. Kama halipo, shuka kwenye viambato, ila usitegemee kukuta neno mercury peupe, mara nyingi linajificha kwenye majina kama calomel, mercurio, mercuric iodide, mercurous chloride, ammoniated mercury, cinnabaris au hydrargyri oxydum rubrum. Lolote kati ya hayo, ndo yenyewe. Na kama ni kikopo cha mkorogo umechotewa saluni, hakina lebo wala tarehe, hapo hamna cha kusoma, na kwa macho au kwa harufu huwezi kujua, zebaki inajulikana kwa vipimo maalumu tu, kwa hiyo mi kikopo cha hivyo sikipaki hata wanipe bure.

Inang'arisha kweli lakini, tusidanganyane, maana inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yenyewe. Shida ni kwamba haibaki juu ya ngozi, inaingia mwilini na figo ndo zinabeba mzigo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa 60 wa figo, watu wazima, zaidi ya nusu yao walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha, na krimu zenyewe zilikuwa na chumvi ya zebaki, ile ammoniated mercury, asilimia 5 mpaka 10!! Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulikuja kuweka mwisho wa miligramu 1 kwa kilo kuanzia 2020, yaani wale walikuwa wanajipaka makumi ya maelfu ya mara zaidi ya hapo, halafu mwaka 2023 nchi zikakubaliana Geneva kwamba ikifika 2025 isiwepo kabisa kwenye vipodozi, hata hiyo kidogo.

Sabuni ndo inaniuma zaidi. Ulaya walishakataza zebaki kwenye vipodozi vyao tangu 1976, ila viwanda vya hukohuko vikaendelea kutengeneza sabuni ya zebaki na kuisafirisha huku Afrika, eti ya kuua vijidudu, mpaka 2003 ndo wakazuia kuipeleka nje. Kwao sumu, kwetu sabuni ya kuogea.

Haya, umeikuta ndani, ufanyeje? Usiichome moto, moshi wake una mvuke wa zebaki na mtaivuta nyumba nzima. Usiimwage chooni wala kwenye sinki. Funga kopo vizuri, litie kwenye mfuko wa plastiki, funga tena mfuko wa pili, weka mbali na watoto kisha muulize afisa afya wa eneo lako pa kupeleka. Nawa mikono, fua taulo na foronya ulizokuwa unatumia, maana anayelalia mto wako na mtoto unayembeba wanaipata hata kama hawajawahi kujipaka.

Halafu nenda hospitali, hasa kama mkojo unatoa povu, miguu inavimba, mikono inatetemeka au usingizi umekata. Omba wapime zebaki kwenye mkojo. Mwambie daktari ukweli, usione aibu, uso Fanta miguu Coca-Cola keshaiona mara nyingi. Na kama kwenye lebo kuna clobetasol au betamethasone hizo ni sterodi, dawa kali za ngozi, ukizikata ghafla baada ya muda mrefu ngozi inaweza kuwaka vibaya, kwa hiyo nazo mwulize yeye namna ya kuziacha.

Bebeni na boksi lenyewe. Mama mdogo alilifunga kwenye kona ya khanga, mpaka mlangoni kwa daktari anasema labda tulifiche, mi nikalifungua nikaliweka mezani.