Ukiikuta Kumbukumbu ya Njaa ya Waayalandi Ukiwa kwenye Shughuli Zako New York

Anayeshuka Vesey Street kuelekea mto Hudson, akiwahi kivuko au, kama mimi siku ile, akitafuta duka la dawa, hukuta kati ya majumba ya vioo kipande cha shamba kilichoinuka, chenye majani marefu na kuta za nyumba isiyo na paa. Nusu saa inatosha kukitazama, mradi usianzie upande huo wa barabara.

Zunguka hadi upande wa mto, uingie kwenye njia iliyopita chini ya shamba, yenye mistari ya maandishi inayomulikwa ukutani. Soma michache tu. Njia hiyo itakutoa ndani ya nyumba yenyewe, ambayo ni ya kweli: ilitolewa na familia moja ya Carradoogan, jimbo la Mayo, ikavushwa bahari na kujengwa upya katika kazi hii ya msanii Brian Tolle, iliyozinduliwa mwaka 2002.

Ukitoka nje, tazama chini kwanza. Ile miinuko iliyofunikwa na majani ni matuta ya viazi yaliyoachwa bila kulimwa. Ugonjwa ulioozesha viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845 ndio uleule ukungu unaowasumbua wakulima wa Njombe na Nyandarua hadi leo. Ila maskini wa kule hawakuwa na chakula kingine cha kukimbilia, kwa kuwa nafaka waliyovuna iliishia kulipa kodi ya mwenye ardhi. Watu wapatao milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama.

Sasa pita shamba zima, kutoka ukingo hadi ukingo, bila haraka. Ukubwa wake ni robo eka, na umekusudiwa: mwaka 1847 Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu kilichomnyima msaada kila aliyeshikilia ardhi iliyozidi kipimo hicho, hivyo mwenye njaa alitakiwa aachie shamba ndipo wanawe wapate uji. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito kuliko maandishi yote ya kule chini.

Ukipanda utapita mawe yaliyochongwa majina ya majimbo 32 ya Ayalandi, kisha utaona kwa mbali Sanamu ya Uhuru na kisiwa cha Ellis, palipokuwa na kituo cha kupokelea wahamiaji. Usidhani waliokimbia njaa walipitia pale, kwani kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892. Wengi wao walishukia kwenye magati ya South Street, ng'ambo ya pili ya Manhattan, ambako unaweza kufika kwa miguu.