Njia ya changarawe kwenye nchi ya mabwawa, mito na misitu: anza na vivuko

Wengi wetu tukipanga safari ya baiskeli kwenye njia za changarawe huanza na kilomita. Nataka sitini Jumapili, basi nachora duara kwenye ramani mpaka sitini zitimie. Kwenye nyanda kavu haina neno. Kwenye eneo la mabwawa, mito na misitu utaumbuka, maana huko maji ndiyo yanayoamua upite wapi. Mto wa kilomita ishirini unaweza kuwa na mahali pawili tu pa kuvukia. Ukikosa hata mahali pamoja tu, nusu ya siku imekwenda.

Kwa hiyo mimi huanza na vivuko. Kilomita hujipanga zenyewe baadaye.

Hatua ya 1: Tia alama kila pa kuvukia

Fungua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa sasa sahau barabara. Fuata mto kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na kila mahali mstari wa njia unapokatiza mstari wa maji, weka alama. Bofya usome maelezo: ni daraja la magari, kidaraja cha miguu, kalavati, au ni lebo ya "ford"? Hiyo ya mwisho maana yake hakuna daraja. Njia inaingia majini na kutokea ng'ambo, na wewe na baiskeli yako vilevile.

Halafu kuna tuta la bwawa, ambalo watu hulisahau. Mabwawa ya samaki mara nyingi hujengwa kwa kufuatana bondeni, la juu likimwagia la chini, na kati yake kuna tuta la udongo ulioshindiliwa. Tuta hilo linakatiza bonde zima, na mara nyingi juu yake kuna njia ya gari la wafugaji. Hilo ni daraja ambalo ramani haikuliita daraja. Ni tambarare, gumu, maji kushoto na kulia. Kwangu hakuna njia tamu kuliko hiyo. Angalia tu pale maji ya ziada yanapomwagikia, maana mara nyingine njia hukatika hapo na kubaki ukingo wa saruji wa upana wa kiatu. Tena matuta mengi yana mwenyewe. Ardhioevu nyingi ziko kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kulinda ardhioevu, na kuna zinazofunga baadhi ya matuta ndege wanapoatamia. Kibao kikisema usipite, geuza.

Kila kivuko ukishakitia alama, kiandikie mbadala wake na umbali wa kuufikia. Hili sikulisoma mahali. Siku moja nilifika kwenye kivuko nilichokuwa nimekipita miezi mitatu kabla nikilowesha nyayo tu. Safari hii maji yalikuwa yamefika kwenye matawi ya mti ambao mara ya kwanza niliuegemeza baiskeli nikala ndizi. Daraja la karibu lilikuwa kilomita 11 nyuma, kisha 11 nyingine ng'ambo kurudi palepale mkabala na nilipokuwa nimesimama. Nilifika nyumbani gizani, taa imekwisha chaji.

Hatua ya 2: Unganisha vivuko, kisha chunguza ardhi

Sasa ndipo njia zinaingia. OpenStreetMap huzipa njia za mashamba na msitu ngazi tano, kutoka "grade1" ambayo ni ngumu kabisa hadi "grade5" ambayo ni laini, karibu sawa na shamba lenyewe. Mimi hukubali hadi ya tatu bila wasiwasi, ya nne kiangazi tu. Ila kumbuka lebo hizo ziliwekwa na watu wa kujitolea, na aliyepita Agosti hakuona alichokuta wa Aprili.

Kwa hiyo fungua picha za setilaiti. Mistari miwili myeupe yenye majani katikati ni habari njema, magari hupita na ardhi ni ngumu. Mstari uliopanuka ghafla kama nyoka aliyemeza panya ni matope: madereva wamekuwa wakikwepa dimbwi kulia na kushoto mpaka njia imevimba.

Msituni picha hudanganya. Miti huficha njia halisi, na kinachoonekana wazi ni ile mistari iliyonyooka kama rula, inayovutia kweli ukiwa mbele ya skrini. Mingi ni mikanda ya kuzuia moto au njia ya nguzo za umeme. Mkanda wa moto hulimwa makusudi ubaki mchanga mtupu, na mchanga uliolimwa hauendesheki. Nimesukuma baiskeli kilomita tatu kwenye mmoja wapo, nikilaani rula yangu.

Juma la safari, tazama maji yenyewe. Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha kila mahali takriban kila siku tano, na unaziona bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser. Nukta moja ya picha ni mita 10, hivyo njia huioni, lakini bonde lililofurika unaliona waziwazi. Kukiwa na mawingu, hamia Sentinel-1, ambayo hutumia rada na hupenya mawingu. Humo maji tulivu huonekana meusi tii. Mafuriko yaliyo chini ya miti ndiyo usiyategemee kuyaona.

Hatua ya 3: Hesabu muda

Mwendo wangu ni kilomita 24 kwa saa kwenye lami, 18 kwenye changarawe ngumu, 9 kwenye mchanga na matope. Njia ya kilomita 60 yenye lami 12, changarawe 40 na matope 8 inanila karibu saa tatu na dakika 37 bila kusimama. Zile 8 za matope pekee zinakula dakika 53. Weka namba zako, ongeza muda wa vivuko, kisha pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka.

Hatua ya 4: Tairi na upepo

Kwa ardhi ya namna hii tumia tairi za milimita 40 hadi 45. Mtu wa kilo 75 anaweza kuanzia psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kama ana tyubu, na kushuka hadi karibu 30 kama tairi hazina tyubu na zina dawa ya kuziba pancha. Ukipunguza mno ukiwa na tyubu, jiwe huibana kwenye rimu na kukuachia matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Hatua ya 5: Njiani

Kidaraja cha mbao kilicholowa ni utelezi mtupu. Panda kikiwa kimenyooka mbele yako, acha breki, acha kukata kona. Mbao zikiwa zimelazwa kwa urefu wa daraja, shuka utembee, maana pengo la kati linameza tairi. Mizizi ya miti ivuke kwa kuikatiza, usiende nayo sambamba. Kwenye mchanga weka gia nyepesi kabla hujaingia, rudisha uzito nyuma, legeza mikono na uendelee kukanyaga.

Kivuko cha maji ndicho cha kutulia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, kwa hiyo simama kwanza. Tupa kijiti: ukilazimika kukimbia ukingoni ili ukifuate, usiingie. Tafuta palipo papana na penye viwimbi, kwani kwa kawaida hapo ni kina kifupi. Palipo pembamba na peusi ndipo penye shimo. Tazama na upande yanakoelekea, pasiwe na mti ulioanguka wa kukunasa. Usivue viatu. Fungua mikanda ya begi ili uweze kulitupa. Baiskeli iwe upande maji yanakokwenda, ikikuponyoka isikupige miguu. Yakifika gotini na yanasukuma, rudi kwenye mbadala uliouandika. Na kama ni maji ya mamba au viboko, ni daraja tu, mjadala hakuna.

Ukitoka, bonyeza breki polepole mara kadhaa zikauke kabla ya mteremko wowote.

Hatua ya 6: Ukirudi

Osha tope kwa maji ya kawaida, usipige maji ya presha kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kausha mnyororo na upake mafuta usiku huohuo, la sivyo asubuhi utaukuta na kutu. Kisha, kabla hujasahau, andika kando ya kila kivuko tarehe na maji yalikokufikia: kifundo, muundi, goti. Daftari langu lina misimu minne sasa, na ndilo ninalolifungua kwanza kabla ya ramani yoyote.